Sindano za Mbeya

Siku moja naikumbuka hata leo, mwanangu. Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwangu Kihesa, sina muda mrefu tangu niolewe, na kina mama wa jumuiya wameniwekea mikono kichwani wakikemea pepo. Mume wangu ndiye aliyewaita, maskini, hakujua afanye nini. Kila mwezi, siku zangu zikikaribia, nilikuwa nageuka mtu mwingine. Nalia kwa sababu maharage yamezidi chumvi. Sauti ya mume wangu tu inanichosha. Nilitamani nisiwepo. Hedhi ikianza, narudi kuwa mzima, nabaki na aibu.

Mama mkwe akaingia, katoka Kalenga na kikapu chake cha mboga. Alisimama mlangoni mpaka wakasema amina.

"Asanteni," akawaambia. "Sasa muacheni mtoto wa watu akae kwenye kiti."

Walipoondoka akaniuliza, "Hali hii inakujia lini?"

"Kabla ya siku zangu, mama. Zikianza, inaondoka."

Akavuta kiti, akakaa karibu nami. Kisha akanisimulia habari za mdogo wake, aliyerudishwa kwao na mumewe kwa hali kama yangu. "Wote tulimwita mkorofi. Hakuna aliyemuuliza. Kafa hivyo hivyo, na jina hilo."

Akanipeleka hospitali. Dawa walizonipa zilinikataa. Ndipo nesi mmoja akatuambia kuna daktari Mbeya anayetibu kwa sindano nyembamba zisizo na dawa ndani. Safari ndefu ile, na mama mkwe na magoti yake mabovu, hakulalamika.

Daktari hakutuficha. "Wengine zinawasaidia, wengine hawaoni kitu. Hospitali usiiache."

Akanichoma miguuni, mikononi, na moja utosini. Maumivu yalikuwa madogo. Mama mkwe alikaa pembeni kashika viatu vyangu, nikalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Tulirudi tena na tena. Ile hali haikuisha, ila ilipungua uzito, nikaweza kuibeba. Kama ni sindano, au ni yule mama kukaa nami, sijui, sitaki kukudanganya. Mume wangu naye aliambiwa na mama yake, "Siku hizo wewe pika, acha maswali." Akapika ugali mbichi, tukaula.

Mama mkwe ameshatangulia. Mimi nami nimechoka, mwanangu, na kinachonichosha zaidi ni kusikia wasichana bado wanaitwa wenye pepo.

Kwa hiyo nisikilize. Huzuni ikija na kuondoka na mwezi, usijitukane. Angalia inakuja lini, kisha mwambie mtu, uende hospitali. Ukitaka sindano, nenda, ila daktari wako ajue. Siku ukitamani usiwepo, usikae peke yako hata kidogo; kagonge mlango wowote ulio karibu. Na ukiona mwenzako kabadilika, muulize kabla hujampa jina.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe miezi myepesi, na ile mizito akuvushe.