King'ora Kwenye Spika ya Kwaya

Mchana mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, watu wa mtaa wa Majengo, mjini Mpanda, walikuja mbio nyumbani kwa dada yangu wakiwa na marungu, mapanga na mchi mmoja wa kutwangia, ili wamkamate mwizi aliyekuwa ndani ya kompyuta. Walipoingia walimkuta rafiki yangu ameketi kwenye kigoda mbele ya kioo cha kompyuta hiyo. Hakuwa mwizi. Lakini siku hiyo alikuwa na sababu ya kuogopa kuliko mwizi yeyote.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi redio. Nyuma ya nyumba alikuwa na jenereta, na kazi iliyomlisha ilikuwa kuchaji betri za gari ambazo watu walitumia kuwasha redio na taa. Jenereta ikishawashwa kwa ajili ya betri, umeme uliobaki ulikuwa wetu. Ndiyo maana kompyuta aliyoinunua kwenye mnada wa mradi uliofungwa iliweza kufanya kazi mchana, saa chache, mafuta yakiwepo. Ndani yake wenyewe wa zamani walikuwa wamesahau gemu moja.

Gemu lile lilikutaka kwanza umtengeneze mtu wako. Ulipewa pointi, ukazigawa: nguvu, bunduki, hatua za kimya, na ujuzi wa kuingilia mitambo ya watu. Siku hizi wanasema kudukua. Sisi tulisema kufungua. Kisha ulimwingiza mtu wako kwenye jengo refu lenye walinzi, na kazi yake ilikuwa kufika juu.

Mimi niliweka pointi zote kwenye bunduki. Mtu wangu alikufa ghorofa ya tatu, kila mara, kwa sababu ukipiga risasi moja walikuja walinzi wote.

Rafiki yangu alikuwa akileta betri kwa baiskeli kutoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wake walitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakikimbia mauaji. Yeye alizaliwa hapa, akasoma hapa, na Burundi hakuwahi kuiona. Alikuwa akiimba kwenye kwaya ya kanisa lao, na betri ilikuwa ya kinanda cha kwaya. Wakati inachajiwa, alikaa nami kwenye kompyuta. Yeye aliweka pointi zake zote kwenye kufungua, na kidogo kwenye hatua za kimya. Kwenye bunduki aliacha sifuri.

"Huyu atakufa mlangoni," nikamwambia. "Hata ngumi hajui."

"Bunduki nimesimuliwa sana nyumbani," akasema. "Ngoja tuone huyu."

Alikufa mlangoni kweli. Ghorofa ya kwanza ilikuwa na mbwa, na hakukuwa na mtambo wowote wa kufungua mpaka uwapite. Akaanza upya, akafa tena. Nikamcheka, naye hakukasirika. Alikuwa akikaa kimya anawaangalia wale mbwa wanavyozunguka, kama mtu anayesubiri gari barabarani. Akagundua kuwa mbwa hawaoni mbali, wanasikia. Mtu wake akitembea pale tu mashine ya hewa inaponguruma, hawageuki. Akapita.

Baada ya hapo nilianza kuona kitu nilichokuwa sijakiona. Mtambo wa kwanza alioufungua ulimpa milango ya ghorofa nzima. Walinzi wawili waliingia chumbani, akawafungia humo. Wa tatu aliwashiwa taa upande wa pili, akaenda kutazama. Mtu asiye na bunduki alikuwa anapanda ngazi na nyuma yake hakuna hata maiti moja.

Kulikuwa na hatari moja. Kila mtambo ulikuwa na kiwango chake. Ukijaribu kuufungua wakati ujuzi wako uko chini ya kiwango hicho, king'ora kililia na walinzi wote wakageuka. Kwa hiyo rafiki yangu aliweka sheria: haugusi mtambo mpaka awe ameuzidi. Kama hajauzidi, anarudi nyuma, anafungua vitu vidogo, anapata pointi, ndipo anarudi. Ilikuwa kazi ya kuchosha kutazama. Lakini nilielewa alikojifunzia. Mkimbizi wakati ule hakuruhusiwa kutoka makazini bila kibali, na yeye alijua kizuizi kipi kina watu asubuhi na kipi kina watu jioni. Alijua pia wakati wa kutembea na wakati wa kusimama.

Siku ninayoisimulia alifika bila kibali. Kilikuwa kimekwisha, aliyepaswa kumpa kingine alikuwa safarini, na kwaya ilikuwa na sherehe Jumapili. Wiki ile kulikuwa na habari za msako. Waliokamatwa walipelekwa mahabusu, na watu walinong'ona kwamba safari hii hawarudishwi makazini, wanapelekwa mpakani. Kama habari hiyo ilikuwa ya kweli sijui. Najua kwamba chai ya dada aliinywa akiwa amesimama, macho yakiwa mlangoni.

"Si ungetuma mtu mwingine?" dada akamuuliza.

"Mama, kila mtu anaogopa. Nimepita porini. Betri ikijaa naondoka kabla ya jioni."

Alikuwa amefuata pia ampilifaya ya kwaya, mashine ya kukuza sauti, iliyokuwa kwa shemeji kwa matengenezo pamoja na spika yake ya pembe, ile ya kufunga juu ya mti kwenye mikutano. Shemeji alikuwa na mtindo wake: kifaa akishakitengeneza, anakiunganisha na kompyuta kukijaribu, kwa sababu gemu lilikuwa na sauti za kila aina. Alikuwa ameshaunganisha. Spika ilikuwa dirishani, mdomo nje, dirisha likizibwa na kanga ili mwanga usituharibie kioo. Gemu lilikuwa kimya kwa sababu mtu wa rafiki yangu alitembea kimya. Sisi wote tulisahau kuwa spika iko hai.

Mtu wake alikuwa amefika mlango wa mwisho. Akahifadhi gemu, akatazama kiwango cha mtambo. Alipungukiwa na pointi moja.

"Rudi nyuma," nikamwambia. Ilikuwa sheria yake mwenyewe.

Shemeji akapaza sauti kutoka uani, "Nyie, mafuta yanaisha! Malizeni!"

Rafiki yangu akatazama jua kwenye upenyo wa kanga. Nadhani aliwaza njia ya kurudi, na kwamba huenda asije tena mpaka mambo yatulie. Akabonyeza.

King'ora kikalia Majengo nzima.

Msomaji ambaye hakuishi kwetu ajue jambo moja. Mtaa ulilindwa na sungusungu, na filimbi au yowe likisikika, kila mtu mzima alitakiwa kutoka. Ukibaki ndani ulitozwa faini, au uliulizwa kwa nini humtaki mwizi akamatwe. Hakuna aliyewahi kusikia filimbi kubwa kama ile. Nilipofikia waya wa spika na kuung'oa, mlango ulikuwa umeshajaa watu.

"Yuko wapi?" akauliza kamanda wa sungusungu wa mtaa wetu, muuza mahindi wa soko la Kashaulili, akihema.

"Nani?"

"Mwizi!"

Shemeji akaingia na mikono ya mafuta. "Kamanda, mwizi yuko kwenye televisheni. Ni gemu."

Mtu mmoja akacheka. Mama mwenye mchi akasema, "Nimeacha ugali jikoni kwa ajili ya gemu? Fundi, utanipikia wewe!" Wakacheka wengi. Nami nikaanza kupumua.

Kamanda hakucheka. Alikuwa anamtazama rafiki yangu.

"Na huyu kijana?"

"Mgeni," dada akasema haraka. "Ameleta betri."

"Ameripotiwa kwa balozi wa nyumba kumi?"

"Baba, ndiyo kwanza amefika."

"Sawa. Balozi aitwe. Akija atamuuliza alikotoka." Akaegemea mlango. Mlango wa mbele ulikuwa huo mmoja. Mwingine ulipitia jikoni, na jikoni kulikuwa na watu.

Sikuweza kumtazama rafiki yangu usoni, nikatazama mikono yake. Ilikuwa juu ya magoti, imetulia kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, maana nilikwisha kuona namna alivyotulia mbele ya wale mbwa.

Mama mwenye mchi akasogea kwenye kioo. "Huyo mwizi mwenyewe ndiye huyu? Mbona wanamfuata?"

Walinzi walikuwa bado njiani, wanapanda kutoka pande zote. Rafiki yangu akanyanyua mikono, akaanza kucheza. Akamrudisha mtu wake kwenye mtambo aliokwisha kuufungua, akafunga mlango wa kushoto walinzi wakiwa katikati. Akazima taa. Akawasha nyingine mbali.

"Haa! Kawafungia!" mtu akapiga kelele.

"Kushoto kwako, kijana! Yule mwingine!"

Watu walisukumana kuona. Waliokuwa jikoni waliingia. Hata kamanda aliacha mlango, rungu likiwa kwapani, akasema, "Sasa huyu hana hata kisu?" Alama ya king'ora ikazimika kwenye kioo. Mtu wake alirudi mbele ya mlango wa mwisho, na ile rabsha yote ilikuwa imempa pointi aliyopungukiwa. Akabonyeza. Mlango ukafunguka, watu wakashangilia kama kwenye mpira.

Jenereta ikakohoa, ikazima. Kioo kikawa cheusi, na chumba kikawa giza kwa sababu ya ile kanga.

Shemeji alipoivuta kanga, kigoda kilikuwa kitupu. Nilitoka uani kupitia jikoni. Ugali wa dada ulikuwa unaungua, na baiskeli haikuwepo. Betri na ampilifaya vilikuwa palepale.

Balozi alifika jioni, akaambiwa mgeni ameondoka. Kamanda alinitazama kwa muda mrefu, akaondoka, na sikujua kama alikwenda kuripoti mahali.

Tulipowasha kompyuta tena nilifungua gemu. Mlango ule haukuwa umefunguliwa. Ushindi wote wa siku ile haukuhifadhiwa. Mtu wake alikuwa amesimama nje ya mlango wa mwisho, amepungukiwa na pointi moja. Sikumgusa.

Niliulizia kwa kila aliyetoka Katumba. Mwanamke muuza mihogo aliniambia kijana huyo alifika salama, kisha akahamia Kigoma kwa wajomba. Dereva wa lori aliniambia jioni ile ile aliona watu wakipakiwa garini kwenye kizuizi, na mmoja wao alikuwa ameshikilia baiskeli, hataki kuiachia. Wote wawili walikuwa na uhakika. Wanakwaya hawakutuma mtu kuchukua vyombo vyao. Shemeji aliendelea kuichaji ile betri kila ilipokaribia kufa, na mpaka nilipoondoka Mpanda ilikuwa bado uani, chini ya bati, imejaa.