Habari za Pwani Kwenye Benchi la Kasulu

Nashonea kwenye baraza la duka la mzee mmoja wa Pangani, hapa Kasulu mjini. Cherehani yangu iko kushoto kwa mlango, benchi liko kulia, na katikati wanapita wateja wa sukari, sabuni na betri. Mimi ni mtoto wa Makere, wilaya hii hii. Wazazi wangu walitoka Burundi, wakalima, wakapata uraia, na mahindi yao ndiyo yaliyonisomesha ushonaji. Bahari nilikuwa sijaiona. Lakini ungeniuliza habari za ufukwe wa Pangani ningekueleza mpaka uombe kuondoka, maana kila Ijumaa nililetewa hapa hapa kwenye cherehani.

Ilikuwa hivi. Mzee akirudi kuswali, hafungui duka moja kwa moja. Anakaa benchini, anavua kofia, anaikung'uta vumbi, anaiweka gotini, kisha anatoa simu. Dada yake aliyebaki Pangani humtumia ujumbe wa sauti kila wiki, mrefu kama hotuba, na mzee huufungulia sauti yote ili kila aliye barazani asikie. Mwanzoni niliudhika sana. Mtu una gauni la harusi linasubiriwa, halafu unapigiwa kelele za kasa. Miezi ikapita, nikajikuta nasimamisha cherehani bila kuambiwa.

Dada yake anajua kutoa habari. Anaanza na bahari, ilivyoamka na rangi iliyo nayo. Anaingia kwenye hoteli: ipi imepakwa chokaa upya, ipi imepata wageni, na mgeni gani amelala juani mpaka mgongo ukambabuka. Anapita kwenye kivuko cha mtoni, kama kinavusha watu au maji yamekikatalia. Halafu pweza, halafu harusi. Msimu ukifika anatufikisha kwa kasa: wametaga wapi mchangani, vijana gani wanalinda mayai, na wageni walivyojipanga kutazama vitoto vikikimbilia majini.

Mama mmoja wa kijiji cha Titye, anayemletea mzee maharage, alikuwa haondoki kabla ya kasa. Mzigo umeshapokelewa, chai imeshanywewa, yeye bado yupo.

"Sasa mama yao anakuwa wapi wakati huo?" aliuliza siku moja.

"Kasa akishataga anarudi zake baharini," mzee akamwambia.

"Harudi kuwaangalia?"

"Harudi."

"Mama we. Na waje Titye tuwafundishe kulea."

Siku nyingine kilichomkera kilikuwa kupwa na kujaa. Alitaka kujua maji yakiondoka ufukweni yanakwenda kwa nani. Mzee akakuna kidevu, akasema yanakwenda ng'ambo. Mama wa Titye akauliza kama wa ng'ambo huyarudisha yote. Mzee akasema huyarudisha, tena mara mbili kwa siku. "Basi ni watu waaminifu," akasema mama wa Titye, akajifunga kitenge vizuri na kwenda stendi akiwa ameridhika.

Yote hayo yalikuwa raha tupu mpaka magoti ya mzee yalipoanza kugoma. Baridi ya Kasulu haina heshima kwa umri. Asubuhi za ukungu alikuwa anafungua mlango wa duka kwa mkono mmoja na mwingine ameshika fremu. Daktari akamshauri akae penye joto. Dada yake akasema joto analo la kugawa, na akajenga chumba uani kwake. Kila Ijumaa, baada ya kasa, likawa linafuata jambo la chumba: kimeezekwa, kimepigwa plasta, kimewekwa dirisha. Hapo mimi nilikuwa narudi kwenye cherehani na kukanyaga pedali kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyohitaji.

Duka angemwachia mwanawe, aliyezaliwa hapa na mama Muha, mwenyeji wa huku. Baraza langu lisingeguswa, hilo alikwisha kuniambia. Nilichokuwa naogopa kupoteza ni yeye mwenyewe. Mkewe amezikwa hapa Kasulu, wajukuu zake wanaongea Kiha kuliko sisi, na mimi nilijiambia kwamba mtu wa namna hiyo haondoki. Lakini magoti hayasikilizi hoja.

Binti yangu anafanya kazi Tanga. Alipojifungua, nikafunga mzigo kwenda kumwogesha mtoto na kumkanda mama yake, kama inavyotakiwa. Mzee aliposikia, akanijia kwenye cherehani, jambo asilozoea kufanya.

"Fundi, Tanga na Pangani si mbali," akasema. "Nakuomba ufike kwa dada yangu, ukakitazame hicho chumba."

"Si kila wiki anakueleza?"

"Dada yangu anasifia mpaka mvua ikimlowesha. Wewe husifii kitu. Ukisema panafaa, nitakwenda. Ukisema hapafai, nitabaki na magoti yangu."

Nikasema sawa. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba hapafai.

Mama wa Titye akanipa kiroba cha maharage, yale ya njano, nimpelekee dada wa mzee. Nikakibeba mpaka Tanga. Mtoto alipopata nguvu na mama yake akaanza kunifukuza jikoni, nikachukua gari la Pangani na kiroba changu mapajani.

Mtu mwenye akili angekwenda kwanza kwa mwenyeji. Mimi niliposhuka nilisikia ule mvumo, nikafuata mvumo. Nikaikuta bahari imepwa, mchanga umeachwa mpana na wenye mistari, kaa wadogo wanajiendea. Nikacheka peke yangu, kwa sababu kila kitu nilikuwa nakijua. Ile pale hoteli iliyopakwa chokaa. Wale pale wageni wa mgongo. Nikaenda mbele zaidi, karibu na maji, nikaweka kiroba chini, nikavua viatu nikaviweka juu yake, nikatembea ufukweni kama mwenye mji.

Kwa miaka yote ile pale barazani nilikuwa nawaeleza watu maana ya kupwa na kujaa. Kuna mama wa Kagerankanda nilimchorea kwa chaki ya kushonea. Ila nilikuwa sijafikiria kwamba maji yanaporudi yanarudi hata kama wewe umeweka kitu. Nilipogeuka, kiroba kilikuwa kimezungukwa. Kiatu kimoja kilikuwa kinaondoka taratibu kuelekea kwa wale waaminifu wa ng'ambo. Nikaingia na gauni langu la safari, nikakumbatia maharage, wimbi likanipiga kiunoni nikakaa. Wageni wa hoteli wakasimama kutazama. Nadhani walikuwa wamesubiri kasa, wakapata mimi.

Ndivyo nilivyofika kwa dada wa mzee: nimelowa, kiatu kimoja, kiroba kinachuruzika. Alikuwa mama mnene mwenye kanga mpya, amekaa uani na wanawake wawili wanaosuka ukili wa mikeka. Kabla sijasema shikamoo yangu ya pili, akasimama.

"Wewe ni fundi," akasema. "Fundi wa barazani, wa Makere."

Nikauliza amenijuaje. Akasema nani mwingine angekuja na maharage ya njano na kununa namna hiyo. Akanivua, akanipa kanga, akayamimina maharage kwenye sinia na kuonja moja. "Ya Kasulu sasa yanakuja na chumvi yake," akasema, na wale wasuka ukili wakacheka mpaka mmoja akaangusha kazi. Usiku ule tuliyala kwa nazi. Yalikuwa matamu, ingawa sikukubali kwa sauti.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala watu wakaanza kuingia uani mmoja mmoja: muuza pweza, wasuka ukili, jirani na wajukuu zake. Nikadhani kuna msiba. Dada akatoa simu, akaiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, akafungulia sauti. Ikatoka sauti ya mzee wangu.

Kumbe naye alikuwa anatuma. Sisi barazani tulikuwa tunajua kwamba kila Alhamisi hujifungia stoo, tukadhani anapanga magunia. Alikuwa anawapa Pangani habari za Kasulu. Mvua ya mawe Titye, ilipiga mahindi lakini maharage yamepona. Ukungu uliokaa mpaka watu wakasalimiana bila kuonana. Asali imefika sokoni. Fundi ameshona sare za kwaya na kugombana na mwenyekiti wa kwaya kuhusu kola. Muuza pweza akanigeukia akaniuliza kama ile kola niliibadilisha. Nikamwambia sikuibadilisha. Akasema nilifanya vizuri.

Mwisho ukafuata ujumbe wa pili, aliourekodi barazani asubuhi ile ile baada ya dada yake kumpigia: "Nimesikia fundi wangu amefika na ameyaogesha maharage. Mama wa Titye yuko hapa, anasema msimweke karibu na maji." Kwa nyuma nikasikia benchi langu likicheka, benchi la kwangu kabisa, kutoka Kasulu. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilikuwa nimekaa kwenye habari za pwani, mimi mwenyewe nikiwa ndiyo habari.

Ndipo dada akanishika mkono akanipeleka kwenye chumba. Niliingia nikitafuta kasoro, na nikazipata. Mbu wapo. Jirani ana redio isiyozimwa. Lakini dirisha linapokea upepo, mlango hauna kizingiti cha kukwaza magoti, na msikiti uko hatua chache. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na juu yake kuna blanketi zito, la manyoya, lile la kwetu la mwezi wa saba. Kwa joto lile. Nikamtazama dada.

"Amezoea baridi," akasema. "Tumeagiza Tanga mjini. Asije akashtuka usiku."

Nilikaa kitandani pale nikalia kidogo. Sijui kama nililia kwa furaha au kwa kuona nimeshindwa, nadhani vyote.

Niliporudi Kasulu mzee hakuniuliza siku ile. Aliuliza mjukuu, akauliza safari, akauliza kiatu. Ijumaa ilipofika, akakaa benchini, akavua kofia, akaiweka gotini, na simu hakuitoa. Mama wa Titye alikuwepo.

"Haya fundi," akasema. "Panafaa?"

Nilikuwa na mbu mdomoni, nilikuwa na redio ya jirani. Ningesema hayo mawili tu, yote ya kweli, na mzee angebaki.

"Mbu wapo," nikasema. "Wamekutandikia blanketi."

"Blanketi? Pangani?"

"La manyoya. Umewaeleza baridi yetu mpaka wanaiogopa wao. Panafaa, mzee. Panafaa sana."

Akainamisha kichwa. Alicheka kwanza, halafu akajifuta macho kwa ile kofia, na mama wa Titye akatazama barabarani ili asimwone. Baadaye mzee akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo linamsumbua. Hapa yeye ni mtu wa pwani mwenye habari, na kule ni mtu wa Kasulu mwenye habari. Akihamia kule, Ijumaa watu watakuja uani, na yeye atawaambia nini?

"Nitakutumia mimi," nikasema. Nilitamka haraka, nikajilaumu papo hapo, kwa sababu sijui kuongea na simu na kazi zangu ni nyingi.

"Utatuma kila wiki?"

"Nimesema nitatuma."

"Ego," akasema mama wa Titye, akimaanisha ndiyo, na ikawa imepita.

Mzee aliondoka baada ya mavuno ya maharage. Kabla ya kupanda gari alikwenda makaburini kumuaga mkewe, akarudi na udongo kwenye viatu na hakuufuta. Mwanawe yuko dukani sasa, kijana mzuri, ila chai yake ni nyepesi.

Ijumaa ya kwanza benchi lilijaa kuliko zamani. Sauti ya mzee ikatoka Pangani, imechangamka. Bahari imejaa, hoteli ina wageni, kasa mmoja ametaga karibu na njia na vijana wamemwekea uzio. Blanketi analo, amelikunja anakalia. Magoti yanamtii. Halafu sauti ikapungua: "Sasa nyie. Titye imenyesha?"

Watu wote wakanitazama. Nikasimamisha cherehani, nikachukua simu, nikabonyeza. Nikaanza na ukungu, kama yeye alivyokuwa akianza. Nikasema Titye imenyesha, na mama wa Titye akasogea akaongeza kwamba imenyesha vizuri. Nikasema mahindi yamefika kiunoni. Nikasema kaburi limepaliliwa, nimelipalilia mwenyewe Jumatano. Nikadhani nimemaliza, nikaona bado.

"Na pale mwisho wa benchi, ulipokuwa unakaa, hakuna anayekaa," nikasema. "Dereva wa bodaboda alijaribu jana, nikamwondoa."