Neno Langu la Jumapili, Mkunya

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, Uganda, nilijiunga na kikundi cha wanafunzi waliookoka. Kila jioni tulisali bila kitabu, kila mmoja kwa maneno yake na kwa sauti. Wenzangu walisali kama watu wanaozungumza na mjomba wao. Mimi nilitega sikio nijue nani bado anaendelea, nisije nikamaliza wa kwanza. Kama mwenyewe nilikuwa nimeokoka, sikuwa na hakika, na niliogopa mtu asije akaniuliza.

Likizo ilipofika nikarudi nyumbani Masasi. Mezani mama aliona kwamba siku hizi sifanyi ishara ya msalaba aliyonilea nayo. Baada ya siku kadhaa akasema tutapanda mlimani Mkunya, kijijini kwao, na kwamba padri wa kule amekubali nitoe neno Jumapili.

“Mama, mimi si mhubiri.”

“Nataka kusikia kama bado u wetu.”

Usiku huo nikaanza kuliandika neno lenyewe.

Jumapili kanisa lilijaa. Wanawake wengine waliingia kanga zimelowa mabegani, maana walikuwa wametoka kuteka maji bondeni, mwendo wa kuteremka na kupanda. Mama alikaa mstari wa mbele na ndugu zake. Nikahubiri juu ya moyo uliokauka, kwa Kiswahili kigumu ambacho hata mimi nilikifuata kwa mbali. Padri alikuwa akikagua kucha zake.

Kisha nikafanya kosa. Nilisema, “Sasa tusali, kila mtu kwa maneno yake.”

Wakapiga magoti, wakanyamaza. Pale watu walizoea kusali kwa kupokezana: padri hutangulia, nao huitikia. Kwa hiyo wakaningoja, nami nikawangoja. Mzee wa kanisa akadhani nimekwama, akanisaidia: “Amina.”

“Amina!” likaitikia kanisa zima.

“Hapana, jamani. Kila mtu kwa maneno yake.”

“Kila mtu kwa maneno yake,” wakaitikia, kwa heshima kubwa.

Ikabidi nisali mimi. Nikafungua kinywa, nikatafuta hata neno moja la kwangu, nisilipate. Mama alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza, na nilijua ananiombea nisianguke. Hapo ikanitoka sala ya toba ya kitabuni, ile aliyonifundisha kabla sijajua kusoma. Wakaipokea kwa nguvu, na watoto pia. Nilipofika mwisho sikujua kama nimesali au nimejificha.

Nje wajomba walinisifu. “Chuo kimekutoa, baba!” Mama alingoja mpaka tulipobaki wawili, kwenye njia ya mikorosho kurudi kwa bibi, tulikofikia.

“Ile sala ya mwisho ni yangu,” alisema. “Ya kwako iko wapi?”

Ningeweza kumpa jibu la kikundi, kwamba nimeokoka. Wenzangu wangeshangilia.

“Sijui, mama. Naogopa huenda sina.”

Alisimama. Nikajiandaa kwa machozi, au kwa jina la marehemu babu, aliyekuwa mwalimu wa dini. Badala yake alikaza kanga kiunoni, akatangulia njiani, na bila kugeuka akaanza sala ya jioni ingawa jua lilikuwa utosini. Akafika mahali pa kuitikia, akaniachia nafasi, akaendelea kutembea.

Niliitikia. Sauti ilitetemeka vibaya sana, lakini akasema mstari uliofuata.