Bảy Aweka Bomba Chini

Kwa miaka ishirini na sita Bảy alipuliza dawa ya wadudu kwenye mashamba ya watu, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema amechoka. Jina lake maana yake ni Saba, ingawa kwao alizaliwa wa sita, kwa kuwa watu wa upande ule huhesabu watoto wao kuanzia mbili. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba alirudishwa nyuma kwenye foleni kabla hata hajatambaa.

Kazi yake aliifanya miguu mitupu, maana buti katika matope ya mpunga humezwa na kubaki hukohuko. Bomba la lita ishirini na tano mgongoni, kitambaa cha mirabaraba mdomoni, mkono mmoja ukisukuma mpini na mwingine ukishika fimbo ya kupulizia. Dawa ilimchuruzika mgongoni hadi kwenye makalio. Jioni alioga kwenye mfereji, akala wali na samaki wa kukaangwa kwa sukari na pilipili, akalala. Watu wa kitongoji walimpenda kwa sababu hakuruka hata shina moja, na yeye alikunywa sifa hizo kama kahawa ya barafu.

Mara ya kwanza alipoanguka shambani alisema ni jua. Mara ya pili mkewe, Thắm, hakutaka kusikia habari za jua. Alimpakia kwenye boti, akampeleka hospitali ya mkoa, na daktari, mtu mwembamba asiye na maneno mengi, akasoma majibu ya damu akamwambia, "Chagua. Bomba au ini."

Bảy alikaa nyumbani wiki mbili, akawa kero. Alikosoa namna Thắm anavyokata mboga, na alimkosoa hata jogoo. Thắm alikuwa karibu kumfukuza pale Hậu alipokuja.

Hậu ni binti wa kaka yake Bảy. Alikuwa amerudi kutoka mafunzoni na roboti ya kupuliza dawa, ndege nyuki isiyo na rubani, yenye mabawa sita na tangi tumboni, iliyonunuliwa na wenye mashamba kwa kuchangishana. Alikunjua kiti cha plastiki, akaketi bila kukaribishwa, kama ndugu.

"Baba mdogo, mimi kurusha najua. Mashamba siyajui. Njoo tufanye kazi pamoja."

"Nije nibebe nini?"

"Mwavuli," alisema Hậu. "Na kiti cha kukalia."

Thắm alicheka hadi akashika mlango. Bảy alinuna, lakini kesho yake alikwenda.

Na ukweli usemwe, ilikuwa kazi nzuri. Hậu, glavu mikononi na barakoa usoni, alichanganya dawa, akagusa kioo cha kifaa chake cha kuiongozea, na ile roboti ikainuka ikaenda zake juu ya mpunga ikinyunyiza kwa mistari iliyonyooka. Shamba lililokuwa likimchukua Bảy asubuhi nzima liliisha kabla barafu haijayeyuka kwenye bilauri yake. Hakuna aliyekanyaga maji, na hakuna aliyevuta ile harufu. Mwezi mmoja tu, kikohozi chake cha alfajiri kikapungua, na Thắm akasema sasa analala kama mwenye nyumba, si kama mwizi anayesubiri kupambazuke. Mwili wa Bảy ulifurahi. Moyo ndio uliosuasua, kwa kuwa watu walianza kusema "muiteni Hậu," na jina lake halikutajwa tena.

Ndipo ikafika zamu ya shamba la Bi Tư.

Bi Tư ni mjane wa Mẫn, na Mẫn alikuwa mpuliza dawa mwenzake Bảy, rafiki wa kufa na kuzikana. Kweli alikufa, miaka sita iliyopita, akiwa na miaka hamsini na moja na ini kama jiwe. Akazikwa katikati ya jaruba lake, kama wanavyozikwa wenye mashamba wa huko, chini ya kaburi la saruji lililopakwa chokaa, mpunga umemzunguka pande zote na kumficha asionekane kutoka tutani.

Hậu alitembea juu ya tuta na kifaa chake akipima mipaka, kisha akamuuliza Bảy kama alivyouliza kila shamba, "Katikati kuna kitu? Nguzo, waya, mti?"

"Hakuna kitu," alisema Bảy.

Wala hakuwa anadanganya. Mtu yeyote wa kitongoji kile angejibu hivyohivyo. Kaburi la mwenye shamba si kitu kilicho shambani, ni mwenye shamba mwenyewe yuko kwake, na nani anamhesabu mwenye nyumba pamoja na nguzo na waya? Enzi za bomba, Bảy alipofika pale alifunga dawa, akazunguka kwa mbali, akaendelea upande wa pili. Miguu ilijua, kichwa hakikuwahi kuulizwa.

Roboti ikapita juu ya Mẫn. Upepo wa mabawa ukaangusha bakuli la ubani na maua aliyoyaweka Bi Tư asubuhi ile, dawa ikalowesha chokaa yote. Bi Tư alikuwa kwenye tuta, akaona. Hakupiga kelele. Aliingia kwenye matope na suruali yake safi, akafika kaburini, akaanza kuifuta saruji kwa mikono mitupu. Bảy alimkimbilia, akamkamata viganja.

"Shemeji, acha. Ni sumu."

"Najua ni sumu," alisema Bi Tư. "Alikula sumu hii maisha yake yote. Mmeona haikumtosha, mmemletea na hapa?"

Bảy hakuviachia viganja vyake. Alimtoa, akamnawisha mikono kwa sabuni mara tatu, na Bi Tư akatoa uamuzi wake: roboti ile isikanyage tena anga la shamba lake. Wadudu wakija, aje Bảy na bomba, maana Bảy anajua Mẫn amelala wapi.

Siku ya nane baada ya hapo wadudu wa kahawia waliofyonza mpunga wa jirani wakaonekana kwa Bi Tư. Bila dawa, mavuno ya mjane yangekuwa makapi. Bảy alisikia ameitwa, na aibu iwe yake, alifurahi. Alikwenda nyuma ya nyumba kutafuta bomba, akakuta Thắm amelikata mdomo, amelijaza udongo na kupanda maua ya manjano.

"Nitaazima lingine," alisema.

"Azima." Thắm aliendelea kupara samaki. "Mimi sigombani na wewe. Nataka tu kujua kaburi lako tulijenge upande gani, wa mfereji au wa barabara. Mafundi wanataka kuambiwa mapema."

"Ni mara moja tu, Thắm. Ni mke wa Mẫn."

"Na mimi ni mke wa nani?"

Bảy alikwenda kukaa kwenye ngazi. Aliogopa kufa, alijua hilo, ila aliogopa zaidi kuwa mtu asiyehitajiwa. Kisha akafikiri jambo ambalo lilipaswa kumjia tangu siku ile ya kaburi: Bi Tư hakuwa na haja na bomba lenyewe. Alimwita anayejua Mẫn amelala wapi. Akainuka, akaenda kwa Hậu.

"Hicho kifaa chako kinaweza kuambiwa mahali pa kukwepa?"

"Kinaweza, baba mdogo. Ila nani aniambie? Nilikuuliza ukasema hakuna kitu."

"Nilikosea mimi. Njoo tutembee."

Walitembea siku mbili, mashamba yote ya kitongoji, bila tone la dawa. Bảy mbele, Hậu nyuma na kifaa. Hapa kaburi, hapa makaburi mawili, mume na mke, hapa la mtoto, dogo, limefunikwa na nyasi, hata wenyewe wamelisahau. Hapa bata hulala mchana, hapa bwawa la yungiyungi. Waliweka alama makaburi arobaini na moja. Hậu alisema angeishi miaka kumi asingeyajua, na Bảy akajifanya hajasikia ili aseme tena.

Siku ya tatu walikwenda kwa Bi Tư. Bảy aliwasha ubani kaburini, akamwomba radhi Mẫn kwa sauti, kwa niaba yake na ya roboti, akaeleza kosa lilikuwa la nani. Bi Tư alisikiliza amekunja mikono.

"Maneno ni maneno," alisema. "Jazeni maji matupu. Nione."

Alivua kitambaa chake cha mirabaraba, akakitandika juu ya kaburi, akarudi kwenye tuta. Hậu akarusha. Roboti ikaja moja kwa moja, ikafika karibu na Mẫn, ikafunga maji, ikapinda kwa mbali, ikaendelea upande wa pili. Ikarudi, ikafanya vilevile. 

Ilipotua, Bi Tư aliingia shambani, akachukua kitambaa chake, akakikandamiza shavuni.  Kilikuwa kikavu. Ubani ulikuwa bado unafuka.

Akarudi, akamtazama Hậu. "Haya, weka dawa." Kisha akamgeukia Bảy. "Na wewe nenda nyumbani."

"Nikae kidogo, shemeji, nisimamie."

"Nenda nyumbani, Bảy. Mume wangu hakuna aliyemwambia hivyo, hata mimi."

Bảy akaenda.