Dende Niliyemchinja Bila Kuuliza

Mwanangu, ile Jumapili ninaikumbuka mpaka harufu yake. Nakuita mwanangu ingawa sina hata unywele mmoja mweupe. Nimekutangulia tu katika kukosea.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mpishi katika nyumba moja ya mtaa wa Kasha, juu mlimani, ambako Maman Nabintu alipokea vijana waliotaka kuacha pombe kali ya kanyanga na vidonge vya kulevya. Masomo yangu yaliishia njiani, lakini ndoto sikukosa. Niliona kwenye televisheni jinsi huko Ulaya wagonjwa wa namna ile wanapewa farasi wa kutunza, na roho zao zinatulia. Nikamwambia Maman Nabintu tutafute farasi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Sifa, farasi itapanda namna gani huu mulima? Tuko na dende. Dende inatosha."

Basi kila kijana akapewa dende mmoja, wale wanyama wadogo wa manyoya, wasio na mkia, ambao sisi wote tumekua tukiwaona jikoni wakikimbia chini ya meza, wakingoja siku ya kuliwa. Kila asubuhi kijana anakata majani, anasafisha kibanda, halafu anamweka dende wake mapajani. Kazi ngumu ilikuwa hiyo ya mwisho. Dende ni mwoga. Mkono ukitetemeka, anaruka na kukimbia.

Ashuza alikuwa na miaka kumi na tisa. Alitoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwenga, na mikono yake ilitetemeka hata kushika kikombe. Wiki tatu dende wake alimkimbia, na wenzake wakamcheka: "Ashuza, hata dende inasikia harufu ya kanyanga!" Naye alicheka pamoja nao, akiinama kumtafuta chini ya kitanda.

Asubuhi moja akaniita, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, kwa sauti ndogo sana. "Ya Sifa, kuya uone. Usipige kelele."

Dende alikuwa ametulia mapajani mwake, anatafuna jani. Ashuza alikuwa analia na hajipangusi, kwa sababu hakutaka kusogeza mkono. Tangu siku ile akamwita Madame, na miezi miwili hakuonja kanyanga wala kidonge.

Ndipo Jumapili ile baba yake akaja kutoka Luberizi, amebeba mfuko wa mchele wa shamba lake. Walikuwa hawajaonana tangu Ashuza alipouza baiskeli ya mzee ili anywe. Kijana alikuwa ameenda kukata majani. Mimi jikoni nilikuwa na sombe tu, majani ya muhogo.

Unajua desturi yetu: mgeni wa heshima hapewi sombe tupu. Nikafikiri, mzee akila mnyama aliyefugwa na mwanae mwenyewe, si ndipo atajua kwamba mtoto amekuwa mtu? Nilijiona nina akili sana. Nikamchukua Madame, kwa kuwa ndiye aliyenona. Niliimba nikimsafisha, mwanangu. Niliimba.

Ashuza aliporudi, baba yake alikuwa tayari mezani. Mzee akasimama, akamshika bega.

"Maman mupishi ameniambia hii ni dende yako. Nimekula kwa mwanangu! Leo nimekula kwa mwanangu!"

Kijana akaangalia sahani. Akaniangalia mimi. Akaliweka chini fungu la majani, polepole. Baba yake akamega kipande, akakitia mkononi mwa mwanae kama tunavyowapa watoto. Ashuza akakila.

"Karibu, papa," alisema. "Kula ushibe."

Jumatatu asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vizuri, na yeye hayupo.

Maman Nabintu hakunipigia kelele, afadhali angepiga.

"Ulimuuliza?"

"Hapana, maman. Nilitaka kumuheshimisha."

"Najua roho yako iko muzuri. Lakini weye uliona nyama ya mugeni. Kwake, ile njo kitu ya kwanza iliacha kumuogopa. Ungemungojea arudi, umuulize. Labda angekubali, labda angekatala. Lakini angesema yeye mwenyewe."

Nilimtafuta siku nne. Nikamkuta kwenye kituo cha magari, anangoja lori la Mwenga. Harufu ya kanyanga ilinifikia kabla sijafika kwake. Nikalia, nikaomba msamaha, nikamwambia arudi, tutampa mwingine.

"Acha kulia, Ya Sifa, watu watazani nimekukimbia na mimba." Akajaribu kucheka. Kisha akauliza, "Papa alifika muzuri?"

"Alifika."

"Usimwambie kitu. Sikuwahi kumuona anafurahi juu yangu vile. Mumuache na ile furaha."

Akapanda lori.

Hatukupata tena habari zake. Mzee bado anatutumia mchele kila mavuno, na kila mara anauliza mwanae yuko wapi. Tunamjibu kwamba alirudi Mwenga na kwamba tunamwombea. Yote mawili ni kweli, lakini siyo kweli yote.

Mwanangu, ukiwa karibu na mtu anayejitoa kwenye ulevi, usimharakishie furaha. Kile kidogo alichokishika, hata kama machoni pako ni mboga tu, kiache kwake. Uliza kabla ya kugusa. Hata ukidhani unajua jibu, uliza. Hata mgeni akiwa mlangoni na aibu inakuchoma, uliza. Yule mzee angekula sombe yetu na kushukuru. Alikuja kumuona mtoto. Na ukikosea kama mimi, usiikimbie kazi kwa sababu ya aibu. Nyumba yetu ina vijana tisa sasa, na kila mmoja ana mnyama wake, ambaye hata mimi mpishi simgusi.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na subira ya kungoja jibu. Akupe watu wa kukusamehe mapema. Na Ashuza, popote alipo, amrudishe kwa baba yake akiwa hai.