Chumba cha Mpunga

Kaka yangu Polikarpo hajawahi kukarabati hata banda la kuku, kwa hiyo siku alipoleta fundi nyumbani kwake Mlabani nilijua kuna jambo. Fundi Wendelin alianza na dari ya sebuleni. Aling'oa mbao zilizoliwa na mchwa, akaweka jipsamu nyeupe pe. Kisha akapiga plasta upya, akalaza marumaru, akabadilisha madirisha. Kila hatua ilipokwisha nilimwangalia kaka usoni, naye anaangalia ukuta.

"Anamtengenezea nani yote haya?" nilimuuliza mkewe, wifi yangu Paskalina.

"Si ni sisi wenyewe," akasema, huku anafagia vumbi la saruji.

Ndivyo alivyo Paskalina. Shamba lao la Mofu alilifyeka mwenyewe kwa panga akiwa na mimba ya kwanza, kaka akiwa kibarua kwenye miwa. Miaka ishirini na mbili amelima pale, na watoto watatu wamesoma kwa mpunga ule. Hana neno na mtu. Mimi sivyo. Nikiona mwanamume wa makamo anachagua rangi ya mapazia, nawaza mwanamke. Nilimwambia wazi, wifi, unaletewa mwenzio. Akanicheka, lakini tangu siku hiyo akaanza kupekua mifuko ya mashati. Hakupata kitu.

Tena msimu huu Polikarpo alimwambia abaki nyumbani awapikie mafundi, ndege wa shambani atawafukuza yeye. Lini kaka yangu amewahi kufukuza ndege?

Wiki ya Pasaka, Wendelin akahamia chumba cha nyuma, kile cha kuwekea mpunga, akaanza kuchimba mtaro wa bomba.

"Hapa inakuja bafu na choo cha ndani," akatuambia. "Mzee kasema."

"Na magunia tutaweka wapi?" Paskalina akauliza. Wendelin akamwambia hilo amuulize mumewe. Mumewe akajibu kwamba siku hizi watu wanaweka mpunga mashineni, akavaa viatu akatoka. Chakula hakugusa. Haya, nani hapa Ifakara anavunja chumba cha mpunga mwezi mmoja kabla ya kuvuna?

"Twende Mofu," wifi akaniambia. "Roho yangu imekataa."

Tulichukua bodaboda asubuhi. Mpunga ulikuwa umejaa, umeinamisha vichwa, tukashusha pumzi. Mara akashuka binti mmoja kutoka kwenye dungu, kile kichanja cha kuamia ndege, akatuamkia kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuweka hapa?" wifi akamuuliza.

"Shamba ni letu, mama. Tumelinunua pamoja na mpunga wake."

Paskalina alikaa chini pale pale tutani, kwenye tope. "Haiwezekani," akasema. "Mke lazima asaini."

"Mke alisaini, mama." Hakuwa na ubaya, maskini. Alipanda tena dunguni akashuka na karatasi iliyofungwa kwenye nailoni.

Wifi hasomi bila miwani, akanipa mimi. "Nisomee, Tekla. Anaitwa nani huyo anayejiita mke? Wewe uliniambia, na mimi nikakucheka."

Nikasoma. Jina la kaka, ukubwa wa shamba, mipaka yake. Chini kabisa, penye mke wa muuzaji, hapakuwa na jina. Palikuwa na saini tu, T yenye mkia mrefu. Mkia ule niliujua. Mwezi wa pili, tukitoka misani, Polikarpo alinipa karatasi aliyoikunja sehemu ya juu, akasema ni fomu ya watu wa umeme, dada weka saini hapo chini. Nikaiweka juu ya pochi yangu nikasaini, huku naendelea na maongezi yangu na wanakwaya. Mimi huyu huyu, ninayemshuku kila mtu.

"Ni nani?" akauliza tena.

"Hakuna mwanamke mwingine, wifi. Saini hii ni yangu."