Kaprogramu Kalikonikamata

Hasira zangu ziko karibu, nakubali mapema. Mwisho mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa nikitengeneza kurasa za intaneti katika ofisi ndogo Thika, na mwenzangu, jamaa mpole kupita kiasi, alikuwa tawi letu la Ruiru. Mimi natengeneza nusu, yeye nusu, disketi zinaenda na kurudi. Na tulikuwa na adabu moja: hukagui faili za mwenzako. Ilikuwa kama kumpekua mifuko.

Basi mteja wetu, mzee mwenye shamba la maua Ruiru, akafungua tovuti yake mbele ya wageni, ukurasa ukatoka mweupe pe! Kwetu ulionekana sawa. Tukaugusagusa, ukatoka mweupe tena. Madam, mwenye ofisi, akanikazia macho mimi. "Ijumaa tunaenda kwake. Ukitoka mweupe mara ya tatu, wewe rudi kwenu Ngoliba ukalime."

Ngoliba! Baba alikuwa amesema kompyuta si kazi, na mimi nikaondoka nikimjibu vibaya. Heri nife kuliko kurudi kumwambia alisema kweli.

Nikampigia simu jamaa wa Ruiru. "Ni wewe! Unaacha majedwali wazi!" Kila jedwali kwenye ukurasa lina alama ya kulifungua na alama ya kulifunga. Ukisahau ya kufunga, brauza yetu, ile programu ya kufungulia kurasa, ilikusamehe. Ya mzee ilikataa kuonyesha chochote.

"Siste, si mimi," akasema polepole. Upole huo ndio ulionichemsha zaidi.

Siku tatu nikaandika kaprogramu ka kumuumbua. Kalisoma kila faili, kakataja mstari wenye kosa, kisha kakapanga maandishi yote kwa mtindo mmoja. Nikaanza na faili zake. Safi. Nikarudia, nikidhani kameharibika. Safi! Haya, nikaingiza zangu. Woi! Makosa yalijaza skrini hadi juu, na yote yalikuwa ya mkono wangu.

Niliona aibu, haki. Nikainua simu. "Ni mimi."

Akacheka. "Nilijua tangu mwezi jana. Nilifungua faili yako moja kwa bahati mbaya. Sasa ningekuambiaje?"

Ngai! Adabu yetu ilikuwa karibu kunifukuzisha kazi. Tukakubaliana papo hapo: hakuna disketi itakayotoka Thika wala Ruiru kabla kaprogramu hakajaipitisha. Mashine haina adabu, haiogopi kukuudhi, na hiyo ndiyo dawa. Usiku huo nikayafunga majedwali yangu yote.

Ijumaa tukafika kwa mzee, Madam, jamaa wa Ruiru na mimi, naye akaketi mbele ya kompyuta yake. Laini ya simu ikalialia ikitafuta intaneti, mimi nikashika kiti. Waridi la kwanza likatokea, likafuata la pili, halafu jedwali zima la maua likanyooka pale! Akabonyeza kila ukurasa, na kila mmoja ukafunguka. Nilitaka kupiga vigelegele.

"Sasa niambieni," Madam akauliza, "kosa lilikuwa la nani?"

Jamaa wa Ruiru akatazama viatu vyake.

"Langu, Madam," nikasema. "Kuna kaprogramu kamenikamata."

"Na nani alikaandika?"

"Mimi pia."

Madam akachukua mkoba wake. "Jumatatu ufike mapema ukaweke kwa kila kompyuta. Anza na yangu."